Divai Nyekundu kwa Kambale

Mwenye nyumba ya wageni ninayempikia hapa Nchelenge, kando ya ziwa, alirudi kutoka Mansa na divai nyekundu za aina tatu, zote za bei nafuu, akiwa amezipakata ndani ya basi tangu mwanzo wa safari hadi mwisho kwa sababu hakuamini buti. Pamoja na divai alirudi na maneno ya muuza duka: kwamba divai nyekundu ni ya kunywa na nyama ya ng'ombe, na kwamba mtu anayeinywa na samaki hajui anachofanya. Huyo muuza duka sijawahi kumwona, lakini alinikosesha usingizi juma zima.

Mwenye nyumba namwita Bamayo, kama Wabemba wanavyowaita wanawake wa heshima. Ni mjane, mzaliwa wa hapahapa ufukweni, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni alichojifunza akiwauzia Wakongomani unga. Anakizungumza bila hofu na bila kumwomba mtu radhi. Alipanga zile divai juu ya meza ya jikoni, akafuta vumbi la barabara kwa kitenge chake, kisha akaniambia alichokuwa amekikusudia.

"Mama, bageni ba siku hizi banauliza divai. Nataka kuandika kwa ubao: divai na chakula yake. Lakini kama divai inataka ngombe, weye unajua samaki tu. Kuko mupishi mumoja kule Mansa, mwanaume, anajua nyama. Na jiko yangu iko moja. Unanisikia?"

"Ninasikia, Bamayo."

Nilisikia vizuri sana. Mimi ni mkimbizi, nilivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo wa ziwa hilihili. Kwanza nilikaa kwenye makazi ya wakimbizi, nikapewa shamba, nikalima mihogo mpaka mgongo wangu na jembe vikashindwana. Karatasi inayoniruhusu kuishi hapa mjini, ambako binti yangu anasoma, hufanywa upya kwa barua ya mtu anayenipa kazi. Bila jiko hakuna barua, na bila barua ni kurudi kwenye jembe. Bamayo alilijua hilo. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema leo mvua itanyesha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akaamua tuonje Jumamosi mchana, wageni wakiwa wamekwenda zao. Waonjaji watatu: yeye mwenyewe, mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, ambaye zamani alifundisha kwenye miji ya migodi na kunywa divai kwenye arusi za wakubwa, kwa hiyo anahesabiwa kuwa bingwa, na mama mmoja wa Kilwa, kile kisiwa cha hapa ziwani, anayetuletea samaki kwa mashua. Huyo mama ni Mkongomani mwenzangu, amenizidi umri, namwita yaya, yaani dada mkubwa. Mimi nilikuwa mpishi. Hakuna aliyesema kama mpishi naye ataonja, na jambo hilo nililiweka moyoni.

Jumamosi asubuhi mapema Bamayo akanikabidhi nyama ya mguu wa ng'ombe, imefungwa ndani ya mfuko wa unga. "Pika vile unaweza," akasema, akaenda kuswaki.

Nitasema ukweli: nilifikiria kuiharibu. Katika kazi zote za jikoni hakuna iliyo rahisi kama kuharibu nyama. Unazidisha chumvi kidogo, au unaiepua mapema ingali ngumu kama soli, na hakuna atakayekulaumu, maana ulishaambiwa hujui nyama. Nilisimama pale na chumvi mkononi. Kisha hasira ikanipanda. Nani hajui nyama? Mama yangu kule Pweto alikuwa akialikwa kupika mbuzi wa arusi za watu, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye kigoda nikilinda sufuria, nikipigwa kofi kila moto ulipopanda. Nikairudisha chumvi ya ziada kwenye kopo.

Nikaikata ile nyama vipande vikubwa. Nikaviweka kwenye mafuta ya moto na kuviacha bila kuvigusa mpaka vikashika chini na kuwa vyeusi pembeni. Mtu mwoga hugeuza-geuza nyama, na nyama ikigeuzwa-geuzwa hutoa maji tu. Nikatia vitunguu vingi mno, nyanya, kitunguu saumu, kisha maji ya moto kidogo kidogo juu ya mbaula, kwa makaa matulivu, mpaka saa sita mchana. Kando yake nilikuwa na kambale mkavu wa moshi, nimemlowesha na kumtoa miiba mikubwa, anachemka kwenye mawese na nyanya na zile bilinganya ndogo chungu tunazoziita impwa, na pilipili ya kutosha. Na kwenye kikaango, samaki wawili wa aina ya perege, ambao huku huitwa pale, wabichi wa asubuhi, wazima na vichwa vyao. Mawese yenyewe nilinunua kwa pesa yangu, yale mekundu mazito yanayovushwa kutoka Kongo. Nilitaka kushinda, sikutaka kudanganya. Wakati huo sikutaka.

Mwalimu alikuja wa kwanza, shati jeupe, na glasi yake mwenyewe yenye mguu ameifunga kwenye leso. Sisi wengine tulikuwa na zile glasi fupi za maji. Yaya alifika na harufu ya petroli ya mashua, akakaa chini kwa kishindo.

"Yaya, umekula?" nikamuuliza.

"Nitakula je? Si ulisema tutakunywa divai?"

Nikaelewa. Yaya ni Mkatoliki wa kweli kweli, na divai aliyoijua maisha yake yote ni ile ya kikombe cha padri. Kwa kitu kama hicho mtu haji na tumbo lililojaa. Alikuwa amefunga tangu jana jioni, akavuka ziwa hivyohivyo, kwa heshima.

Divai ya kwanza ilikuwa ya katoni, yenye bomba dogo chini. Ya pili ilikuwa ya chupa ya kifuniko cha kuzungusha, na kwenye karatasi yake paliandikwa kwamba ni tamu. Ya tatu ilikuwa na kizibo cha gome, na katika nyumba nzima hapakuwa na kitu cha kukitoa. Mwalimu alikisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, divai ikamrukia kifuani. Akasema ndivyo inavyofanywa. Hakuna aliyebisha, maana yeye ndiye bingwa.

Bamayo akawamiminia wote, kidogo kidogo, akafungua daftari. Yaya alifanya ishara ya msalaba, akafumba macho, akainywa ile ya kizibo yote kwa mara moja, akaitazama glasi tupu.

"Hii njo padri anakunywa kila siku?" akasema mwishowe. "Maskini."

Mwalimu alizungusha glasi yake, akasema ndani ya divai hiyo anasikia mbao. Bamayo akasema yeye anasikia ganda la ndizi mbichi, akauliza kama si vizuri kutia sukari kijiko kimoja. Ya katoni wakaiona chachu. Ile tamu tu ndiyo iliyopata sifa, na yaya akaiomba mara ya pili. Tumbo likiwa tupu, macho yake yalishaanza kung'aa.

Nikaona heri chakula kije. Nikaleta bukari, ndio ugali wetu, moto kabisa, kambale kwenye bakuli kubwa, pale mmoja kwenye sahani. Nikapitisha beseni la kunawa. Wakaanza kula, na ukimya ukaingia, ule ukimya mzuri unaompendeza mpishi. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Tonge, mchuzi, tonge, mchuzi. Mwalimu alipewa kichwa cha pale, akakishughulikia mpaka kikabaki mifupa. Glasi zilikuwa mezani, zimejaa, na hakuna hata mmoja aliyezigusa.

Kwetu huku mtu hanywi akila. Mtoto anayeshika maji kabla hajamaliza bukari hukaripiwa kwamba anajaza tumbo upepo. Unakula, unamaliza, unanawa, unasukutua, ndipo unakunywa. Tena mkono wa kulia una bukari, na kushika glasi kwa mkono wa kushoto mbele ya watu wazima ni utovu wa adabu. Wote watatu walilelewa hivyo. Mimi pia, ndiyo maana hata mimi sikuona kosa liko wapi.

Wakamaliza. Beseni likazunguka tena, safari hii na sabuni. Wakasukutua vinywa, wakajifuta, wakaketi sawasawa kama watu wa baraza. Ndipo wakainua glasi. Wakanywa ya katoni, wakanywa tamu, wakanywa ya kizibo, wakitazamana.

"Ni ileile," akasema Bamayo. "Samaki haijabadilisha kitu. Basi yule wa duka alisema kweli." Akashika kalamu, akaandika kwenye daftari.

Nilimwona yule mpishi wa Mansa akishuka kwenye basi na visu vyake. Na hapo, kwa hofu tu, akili yangu ikafunguka.

"Bamayo, samahani. Hamujaonja."

"Hatujaonja je? Samaki imeisha!"

"Mumekula, mumenawa, mumesukutua, kisha mumekunywa. Divai imekutana na sabuni. Itasikilizana na samaki wapi?"

Mwalimu akaangalia vidole vyake. Bado nilikuwa na kambale nusu sufuria na pale wa pili, maana mpishi asiyebakiza ni mjinga. Nikaleta tena, na nyama nayo nikaileta, na bukari mpya. Nikawaambia watie tonge, watafune, na kabla hawajameza yote wanywe divai kidogo juu yake.

"Mu kinywa moja?" yaya akashangaa. "Chakula na kinywaji, byote pamoja? Kama mutoto mudogo?"

"Mama yangu angenipiga," akasema Bamayo.

"Angekupiga, lakini ungejua," nikamjibu. Sikujua nimetoa wapi ujasiri huo. Bamayo alinitazama, kisha akacheka, akashika glasi kwa mkono wa kushoto. Wote watatu waligeuka kidogo, kila mmoja akielekea upande wake, wakafanya walivyoambiwa kwa haya, kama watu wanaobadilisha nguo.

Kuanzia hapo mambo yakawa mengine. Pale wa kukaanga aliharibika papo hapo. Pamoja na divai ya kizibo alileta ladha ya chuma, kama kulamba kijiko cha zamani, na yaya akatema kwenye leso bila aibu. Muuza duka hakukosea kwa pale. Ile tamu iliyosifiwa mwanzoni iligeuka jemu ilipokutana na nyama. Lakini kwa kambale mwenye pilipili ilipoza ulimi, na ya katoni, niliyokuwa nimeitia kwenye ndoo ya maji baridi kwa sababu umeme ulikatika, ilifanya vizuri zaidi: ilikata mafuta ya mawese, ukabaki moshi tu kinywani. Mwalimu alirudia mara tatu. Alisema hiyo ndiyo, wala tusiendelee kusumbuka.

Kisha wakaja kwenye nyama na ile divai ya kizibo. Sikuona nyuso zao, kwa sababu mimi nilikuwa nimerudi jikoni. Nilikuwa nimejimiminia divai hizo kwenye kikombe cha chai, maana sikutaka kuhukumiwa kwa kitu nisichokijua. Nikatia kipande cha nyama mdomoni, nikanywa juu yake.

Nilikaa chini. Divai ile kali, iliyokuwa ganda la ndizi, ililainika, na nyama nayo ikawa nyama zaidi, hata ule weusi wa pembeni ukatoa utamu ambao mimi niliyeupika sikujua umo. Nilionja tena ili nihakikishe nimekosea. Sikukosea. Nimepika tangu utotoni, vilioni na kwenye arusi, kambini na mjini, na sijawahi kutoa kitu kizuri kama kile. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Halafu nikakumbuka maana yake, nikakichukia kile kikombe.

Nilipotoka, Bamayo alikuwa ameshaanza kuhesabu maoni. Yeye alisema nyama. Mwalimu akashikilia kambale na divai ya katoni. Alisema meno yake yamebaki machache na nyama ni ya watu wenye meno yote. Wakamgeukia yaya. Yaya alikuwa na kipande cha nyama mkononi bado, na alikuwa ameacha kugeukia pembeni.

"Miye nauza samaki," akasema. "Nikisema samaki mutasema najitafutia. Nikisema nyama nitakula nini kesho? Muniache."

"Basi nyama moja, samaki moja," akasema Bamayo. Akanitazama pale mlangoni. "Mama, weye njo umepika byote. Umeonja?"

"Nimeonja, Bamayo."

"Sema."

Nilikuwa nimengojea juma zima mtu aniulize. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nikiulizwa nitasema kama mpishi. Nikaona jembe. Nikaona binti yangu akifunga madaftari yake ndani ya gunia.

"Kambale," nikasema. "Kambale na ile ya katoni. Nyama haina kitu."

Yaya aliinua macho, akanitazama, kisha akayashusha. Mwalimu alipiga meza kwa furaha ya kushinda. Bamayo aliandika, akafunga daftari, akasema sawa, ubaoni ataandika kambale.

"Na ule mupishi wa Mansa?" nikauliza. Nilitaka kulisikia kwa masikio yangu.

"Wa nini?" Bamayo alikuwa akikwangua mchuzi wa nyama kwa tonge la mwisho. "Nilishamusahau kwa kipande ya kwanza. Mutu anapika ngombe namna hii, nimuitie mutu mwingine wa nini? Barua yako nitaandika leo. Nilitaka kuandika hata kama ungesema nyama."

Nikasema asante mukwai, kwa heshima ya Kibemba, nikikunja magoti kidogo, kama inavyopasa. Nikakusanya sahani, nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Sikujua nimkasirikie nani. Bamayo hakunidanganya. Muuza duka alisema kweli. Aliyesema uongo nyumba ile, mchana ule, ni mmoja tu, na alikuwa amesema uongo ili apate kitu alichokwisha kukipata.

Barua ninayo, karatasi ilifanywa upya, binti yangu anaendelea na masomo. Kambale anauzwa. Wageni wanaotoka Lusaka wanamla na divai ya katoni, wanashangaa kwamba samaki na divai nyekundu vinapatana, wanamwita Bamayo wamsifu, naye ananiita mimi. Natoka, nashukuru, narudi. Divai ya kizibo Bamayo hakuinunua tena, kwa sababu mpishi wake alimwambia nyama haina kitu, na yeye humwamini mpishi wake. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie, mara zote mbili nikauliza habari ya mkaa. Mpaka leo anaamini kwamba chakula bora kuliko vyote nilivyowahi kupika ni kile alichokiandika ubaoni, na mimi ndiye niliyemwambia hivyo.